Hiza na Deli la Msafara

Baba yake Hiza alibeba matita ya mkonge pale Ngombezi mpaka shingo ikakaa upande. Hiza akaapa: chake kitabebwa na tairi. Akaingia kijiwe cha bodaboda Korogwe, kugombania abiria na vijana wenye midomo mizima kuliko breki zao.

Ndipo ukatua msafara wa pikipiki kubwa kutoka Dar. Kiongozi wao, Gregori, alivaa jaketi la ngozi katika joto lile. Ungedhani anatumikia adhabu. Alitaka mwenyeji wa kuwatangulia hadi Handeni, wakaone makumbusho ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, tena awabebee deli, lile sanduku la barafu la vinywaji. Akifaa, ataajiriwa kwa kila msafara. Hiza aliitaka kazi hiyo kama mgonjwa atakavyo kupona.

Makumbusho yenyewe ni mnara na chumba kimoja, na mtunzaji wake ni Bi Emiliana. Mnarani maofisa wameandikwa majina na vyeo. Wapagazi wameandikwa “na wengineo.” Ndani kuna picha yao, wamejipanga na masanduku vichwani. Bi Emiliana akaeleza kwamba wengi walikamatwa vijiji vya hapa hapa, na njaa na kuhara viliwamaliza kuliko risasi.

Utani ukamkauka Hiza. Kwao husimuliwa kwamba baba wa babu yake alichukuliwa shambani Mazingara, jembe likabaki kwenye tuta. Akasogea, akaanza kutafuta sura ya baba yake katika zile sura.

“Dogo,” Gregori akaita, “lete lile deli. Simama hapa chini ya picha, ulitwike.”

Bi Emiliana akasema humu si mahali pa mzaha. Gregori akamjibu kwamba hivyo ndivyo historia inavyopata uhai.

“Deli lina pikipiki yake, kaka,” Hiza alisema. Wenzake Gregori wakacheka. Gregori hakucheka.

“Kama huwezi, kijiweni kwenu wamejaa.”

Hiza akalitwika. Maji ya barafu yakamchuruzika hadi mgongoni. Akaambiwa asitabasamu, wale hawakutabasamu. Picha ya kwanza mmoja wa waliojipanga naye alifumba macho, wakarudia. Ya pili iliingia kivuli, wakarudia tena. Bi Emiliana akageukia dirishani.

“Kazi umepata,” Gregori akasema akimpigapiga bega. “Kila msafara tutasimama hapa. Picha hii lazima.”

“Asante, kaka.”

Nje, Hiza alipokuwa akilifunga deli kwenye pikipiki, Bi Emiliana akamfuata.

“Mwanangu, kuna wa kwenu mle?”

“Sijui, mama. Mtu akishatwikwa, ni nani anamtazama uso?”

Akakaza kamba, akashika njia ya Korogwe, polepole kama alivyoelekezwa, vumbi lisije likawachafua wenye majaketi.