Steki Niliyowalisha Wakwe Zangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipowaandalia wakwe zangu nyama ngumu kama soli ya kiatu. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile nililia mpaka kwikwi.

Ilikuwa miaka ya tisini, ndiyo kwanza nimeolewa kijijini Makere. Kwa wakwe zangu, bi harusi alipikia kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku wazee watakapokuja kula chakula cha mkono wake. Siku hiyo hujifungia jikoni peke yake. Wazee wakiridhika, anajengewa jiko lake. Nami jiko langu nililitaka kuliko kitenge kipya, sikufichi.

Mgeni alikuwa baba mkubwa wa mume wangu, anatoka Kumsenga. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akaniletea kutoka buchani Kasulu kipande cha steki, mnofu mtupu. Akaniambia, "Hii usiichemshe. Kibondo niliila ya kukaanga, laini ajabu." Mtu hajui hata kuwasha moto, ananifundisha kupika.

Mama mkwe akabisha hodi jikoni. "Mwanangu, nikusaidie?" Nikamjibu naweza. Akarudi mara ya pili, nikamjibu vilevile, tena kwa sauti ya kujisikia. Niliogopa kuonekana sijui.

Nikaiosha nyama, nikaitia ikichuruzika maji kwenye mawese yasiyopata moto. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nilipoikata nikaona wekundu, hofu ikanishika: wazee niwape nyama yenye damu? Nikaongeza maji, nikafunika. Ikatoka ya kijivu, imejikunja.

Baba mkubwa alitafuna, akatafuna, akaacha. Mimi nimepiga magoti na birika la kunawisha, naona jiko langu ndiyo basi tena. Hapo mama mkwe akasema, "Shemeji, usimlaumu mtoto. Ni mimi niliyekuwa namgongea mlango kila mara, nyama ikamharibikia."

Mzee akamtazama, akatabasamu. "Ego, wewe na maneno yako," akasema, kwa Kiha chetu, maana yake haya, nimekubali. Akamaliza ugali wake kwa maharage, akaahidi kurudi.

Mwanangu, yule mama hakunisema, si siku ile wala siku nyingine. Kesho yake aliniita jikoni, akafunua kipande kingine cha steki alichonunua mwenyewe. Akaniambia kwamba kabla sijazaliwa alikuwa mpishi wa misheni, na steki aliipika mpaka akaichoka. Nilitamani kujificha nyuma ya magunia ya mahindi. Kumbe fundi alisimama mlangoni mara mbili, nami nikamfukuza.

Akanifundisha taratibu. Nyama ifute kwa kitambaa safi mpaka ikauke, ndipo utie chumvi. Kikaango kiwe kizito, kipate moto sawasawa kabla nyama haijaingia, na mafuta kidogo tu. Ukishailaza, iache. Ikiiva upande mmoja itajiachia yenyewe, ndipo uigeuze, mara moja. Ukiitoa usiikate papo hapo, iache itulie sahanini, la sivyo maji yake yote yatamwagika. Halafu ikate kwa kukingama nyuzi zake, si kwa kuzifuata. Mimi nilikuwa na mikono isiyotulia, akanishika viganja akacheka.

Baba mkubwa aliporudi, jikoni tulikuwa wawili, na hakuna mzee aliyeuliza kwa nini. Alikula, akaomba kipande kingine. Mwezi ule nikajengewa jiko langu.

Mama yule ametangulia. Kila nikipasha kikaango namshukuru, ingawa alipokuwa hai nilidhani anajua, sikumwambia. Hilo linaniuma bado.

Basi sikia nasaha yangu. Mkubwa wako akikuuliza kama akusaidie, mwambie ndiyo, hata kama mikono yako inajua. Mpe shukrani angali anasikia. Na wewe ukija kuwa na mkwe, mtoto wa watu akakosea mbele ya wageni, beba kosa lile mabegani mwako, mafunzo yatakuja kesho mkiwa wawili.

Mungu akupe jiko lisilokosa moto, mwanangu, na siku utakapoharibu, akuwekee mtu karibu wa kusema, "Ni mimi."