Nimefukuzwa na mtu aliye ndani ya simu

Leo nimetolewa sebuleni kwangu, na aliyenitoa hata hakuwamo nyumbani.

Furaha, binti wa dada yangu, alikimbia vita Goma akaja kwetu Kisangani. Tangu afike, hofu haijamruhusu kuvuka lango. Sasa ana mshauri anayemtibu kwa video: wanalichunguza wazo linaloogopesha, kisha anajaribu hatua ndogo.

(Nimefundisha shule maisha yangu yote. Naweza kuwaeleza njia hiyo hadi jioni.)

Basi, nikasikia sauti ya mgeni. Kwetu mgeni husalimiwa na nyumba nzima. Nikamwita mke wangu, tukasalimia, tukaketi mbele ya simu.

Mshauri akauliza, "Furaha, ukitoka inje, unaogopa nini?"

"Anaogopa makelele," nikajibu. "Unajua, ubongo wa binadamu..."

"Papa, nimeuliza Furaha."

"Ndiyo. Ninamsaidia."

"Alors, yeye atajibu saa ngapi? Mutupishe kidogo."

Mke wangu alicheka bila huruma.

Furaha, ambaye mimi mjomba wake huniita tonton, akasema taratibu, "Tonton, mutoke kidogo. Jibu niko nayo."

Tukatoka, tukakaa barazani.

Baadaye Furaha akapita mbele yetu, akaelekea langoni. Nikainuka nimfuate.

"Ikala, tonton. Hii zoezi iko ya mutu moja."

Nikaketi. Mke wangu alinishika shati, asiniamini.

Furaha akavuka barabara peke yake, akasimama kwa jirani muuza kwanga, ule mkate wa muhogo.

Tumengoja arudi, lakini bado wanapiga soga.

Walimu wenzangu, nyinyi hunyamazaje?