Mjomba aliyenifundisha stima alinikana siku ya kuomba leseni

Asalamu aleikum admin, na nyote mnaosoma ukurasa huu. Naomba jina langu lisitajwe, maana nusu ya watu wa kwetu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Msambweni, nimeachika na nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni fundi wa stima. Najua wapo watakaocheka, nishazoea.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Baba alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi. Mjomba akatuchukua mimi na mama, akatupa vyumba viwili uani kwake. Kwetu Wadigo mjomba ana neno kuliko baba, na huyu neno lake lilikuwa la upole. Nilipomaliza shule akaniuliza, "Mwanangu, utakaa tu ukimsubiri mume, au utakuja kunishikia ngazi?" Nikamshikia. Baadaye nikawa napanda mwenyewe. Nilikwenda chuo cha ufundi nikapata cheti, lakini mikono yangu ilifunzwa na yeye: kuvuta waya darini, kufunga meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, kupima kila soketi kabla sijamruhusu mwenye nyumba kuigusa.

Miaka hii ya karibuni kazi zote nilikuwa nafanya mimi, nyumba za watu Ukunda na nyumba za wageni Diani. Mjomba alikuwa akinifikisha, kisha anakaa chini na mwenyeji wanazungumza. Nikimaliza, yeye ndiye mwenye leseni, anatia sahihi kwamba ameikagua kazi na iko salama. Kule kukaa kwake chini nilidhani ni uzee tu.

Mwaka huu nikamwambia nataka leseni yangu mwenyewe. Nilitakiwa niwe na mtu mwenye leseni atakayethibitisha kwamba nimefanya kazi chini yake. Mjomba akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua, akasema, "Wewe nenda. Wakinipigia nitawaambia."

Siku ya usaili, Mombasa, niliwakuta watu watatu mezani. Waliniuliza maswali nikawajibu, mpaka yule mama aliyekaa katikati akaanza kutabasamu. Kisha akasema, "Haya, tumpigie mwalimu wako tumalize." Akaiweka simu mezani, sauti ikisikika kwa sote. Nilimsikia mjomba akiitikia salamu kwa adabu yake ile ile. Yule mama akamwuliza kama nimefanya kazi kwake.

"Huyo ni mtoto wa dada yangu," mjomba akasema. "Huja kazini kuniletea chakula. Vyombo hunibebea, ndiyo. Lakini kufunga waya hajui. Nisije nikasema uongo, akaenda kuua watu."

Nikasema, "Mjomba, ni mimi. Niko hapa nakusikia."

Simu ikakatika. Yule mama alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenifukuza. Akaniambia naweza kurudi nikimpata mtu mwingine aliyeniona nikifanya kazi, hata kama si fundi. Kwenye feri nililia mpaka mwanamke nisiyemjua akanipa leso yake nijifunike uso.

Nilimkuta mjomba barazani. Nikampa shikamoo, maana sijui kumkabili bila shikamoo. Akaitikia akitazama chini. Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea," akasema. "Kisukari kimenila macho. Waya mweusi na wa kijani kwangu ni mmoja. Wewe ukipata leseni utakwenda zako, na mimi nitakuwa nani mbele za watu?"

"Ungeniambia, mjomba. Ningekaa nawe."

Wallahi, kama angenikatalia tangu mwanzo ningesamehe. Kinachonichoma ni ule mkono kichwani kwangu, na dua aliyoiomba huku moyoni anajua atakachokwenda kusema.

Sasa yupo dada mmoja kutoka bara, msimamizi wa nyumba za wageni Diani. Nilipomsimulia akasema, "Si ni wewe nilikuona huko juu kwa dari? Mzee alikuwa chini na mimi tukipiga stori. Nipeleke, nitawaambia hiyo kitu yote." Lakini akisema hivyo, swali litakalofuata ni nani aliyetia sahihi kazi ambayo hakuikagua. Mjomba atanyang'anywa leseni, na huenda akafikishwa mahakamani.

Nilimweleza mama. Akasema, "Ukimtia ndugu yangu aibuni, nikifa usije kunizika." Huyu ni mama yangu, ambaye nikirudi kazini hunifulia nguo na kunisifu kwa majirani kwamba mwanawe ni fundi.

Na mambo hayakuishia hapo. Mjomba amepokea kazi ya madrasa moja upande wa Kibuyuni, wanajenga bweni la watoto. Jana alimtuma mama aniambie kazi inaanza Jumatatu, na nisipokwenda ataifanya mwenyewe. Namjua, ataifanya. Nikienda, nitavuta waya na yeye atatia sahihi, nami nitabaki hivi hivi mpaka nizeeke. Nisipokwenda, watoto wa watu watalala chini ya stima iliyofungwa na mtu asiyeona. Nikimchukua yule dada tukaenda kusema kweli, bweni litakuwa salama na leseni huenda nikaipata, lakini nitakuwa nimempoteza mama, na nyumba tunayokaa ni ya mjomba.

Sijamjibu mama mpaka sasa. Tunapishana uani, ananipakulia chakula.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliolelewa na wajomba, msinitukanie mzee wangu, nawaomba. Niambieni tu, Jumatatu nielekee wapi: Kibuyuni au Mombasa?