Binti Yangu Aliyezidiwa na Damu

Vita vilipotukimbiza kutoka mji wa Baraka, tulihamia kwenye shamba la mihogo la mama mukwe, upande wa njia ya Fizi. Uchungu ulinishika huko, asubuhi, nikiwa ninamenya mihogo. Mama mukwe alikuwa amezalisha wanawake wengi wa ukoo, kwa hiyo sikuogopa. Binti yangu alitoka haraka, akalia vizuri, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba wembe mpya ulibaki nyumbani. Kisu cha mihogo mama mukwe alikikataa kabisa. Mume wangu akaenda kuomba wembe kwa majirani, shamba kwa shamba. Sisi tukabaki tunangoja, mtoto amefunikwa kitenge kati ya mapaja yangu, kitovu bado hakijakatwa.

Aliporudi, kondo la nyuma lilikuwa limeshatoka. Tukakata, tukafurahi. Mtoto alikuwa mwekundu, mwekundu kweli, na mama mukwe alijivuna. Kila aliyepita aliambiwa kwamba huyu hatapungukiwa damu maisha yake yote.

Lakini kesho yake binti yangu alilala tu. Nilimpa ziwa, akalishika kidogo, akaliacha. Vidole viligeuka rangi ya zambarau, mikono ikawa inatetemeka. Furaha ikanitoka. Tuliposikia kwamba njia imetulia, tulishuka Baraka kwa miguu, mume wangu amembeba mtoto kifuani, mimi nyuma polepole, nimeshikwa mkono na mama mukwe.

Hospitalini alitupokea muganga mmoja, mwanamke wa umri wangu. Alimchoma mtoto kisigino, akaitia damu katika kioo chembamba kama unyasi, akakizungusha kwa mashine ya mkono, maana umeme haukuwapo. Akauliza kitovu kilikatwa saa ngapi. Mama mukwe akamsimulia safari yote ya wembe, hakuacha hata shamba moja.

Muganga akanigeukia. "Mama, kondo iliendelea kumutumia damu. Sasa damu yake iko muzito, haipite muzuri mu mishipa midogo. Tutatoa kidogo, tumuwekee serumu, yale maji ya chumvi, damu itembee."

Mama mukwe alisema kwamba tangu vita vianze anasikia hospitali inalilia damu ya majeruhi, na hajaona mtu aliyeletwa kwa kuwa nayo nyingi. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, "Hiyo mutatoa, mutapatia nani?"

Muganga alicheka mpaka akaweka sindano chini. Hata mimi nilicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Alipitisha mpira mwembamba katika kitovu, akavuta damu kidogo, akaingiza serumu kiasi kilekile, tena na tena, bila haraka. Mimi nilishika mguu wa mtoto, nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima, vidole vilikuwa vimerudia rangi yake, na binti yangu akafungua macho, akatafuta ziwa mwenyewe. Alinyonya kwa nguvu mpaka nikaumia, na sikumwondoa.

Jumapili iliyofuata, kanisani, wakati wa ushuhuda, mama mukwe alisimama wa kwanza. Alimshukuru Mungu kwa mjukuu ambaye, katika vita hivi vyote, alikuwa na damu hata ya kupunguza. Mchungaji alinitazama akitaka maelezo. Mimi nilijifanya ninamfunga mtoto kitenge.