Mfuniko wa Tangi la Erisa

Kila kijiji katika milima yetu ya Kigezi kina machela yake. Ya kwetu Kagunga huning'inia ndani ya ghala la mwenyekiti wetu, Yowasi. Ni ndefu kama kitanda cha mtu mzima, imesukwa kwa fito na kamba za porini, na miti yake ya kubebea imelainishwa na mabega ya watu ambao wengi wao nao walishabebwa juu yake. Mgonjwa akizidiwa, pembe hupulizwa na kila nyumba hutoa mwanamume. Huulizi ni nani anayeumwa. Unaacha jembe shambani, unakwenda. Asiyekwenda hutozwa mtungi wa pombe ya mtama na kusemwa mbele ya watu. Akizoea kutokwenda, jina lake hufutwa, na aliyefutwa hapuliziwi pembe.

Erisa Bagorogoza hakufutwa. Alijitoa mwenyewe.

Alikuwa mchanjaji wa ng'ombe wa serikali, mtu mfupi mwenye vidole vizito na sauti ya chini. Alipostaafu aliachiwa pikipiki nyekundu aliyokuwa ameizungusha milimani miaka yake yote ya kazi. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Watoto waliiita Bibi Kikohozi, na Erisa hakukasirika, kwa kuwa ilikohoa kweli. Siku aliyojitoa, tulikuwa kwenye mkutano wa machela, nyuma ya kanisa.

"Nyinyi endeleeni kubeba," alisema. "Mimi wangu atakaa kitini kama mtu. Sitaki mke wangu arushwerushwe kwenye tenga kama viazi."

"Na hiyo Bibi ikilala?" Yowasi akamuuliza.

"Nitaiamsha. Huyo nimemlea mwenyewe."

"Haya. Ukishindwa kuiamsha, usije kutuamsha sisi."

Watu wakacheka, naye akacheka, na mambo yakaisha hapo. Hakuwa mtu mbaya. Wajawazito wa kijijini aliwafikisha hospitali ya misheni, ng'ambo ya milima miwili, bila kungoja ahsante. Mimi mwenyewe mama yangu alimpeleka siku ya mvua ya mawe. Ndiyo maana maneno yake ya mkutanoni hatukuyaweka moyoni. Nadhani ni Yowasi peke yake aliyeyaweka.

Kila Jumapili baada ya ibada, Erisa alitandika gunia uani na kuifungua pikipiki ile kipande kwa kipande. Mkewe Keziya alikaa kando yake akimenya viazi. Binti yao wa pekee, Feresi, alikuwa ameolewa mbali, huko Ankole, na nyumba ilikuwa kimya mno kwa watu wawili. Nafikiri mashine ile iliwapa kitu cha kuzungumza. Erisa alinyoosha mkono bila kutazama, na Keziya akaweka spana inayotakiwa kiganjani. Alizijua zote.

"Leo ina kikohozi kibichi," Keziya alikuwa akisema.

"Kibichi ni plagi. Imelowa."

"Na kile cha juzi kilikuwa kikavu."

"Kikavu ni mafuta hayafiki. Unaona? Utaniachisha kazi wewe."

"Kazi gani? Si ulistaafu?"

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umelika. Maji yaliingia kwenye petroli, na kila aliposhuka korongo petroli ilimrukia mapajani. Akafanya wanavyofanya wenye pikipiki wote huku kwetu: alikata kipande cha mfuko wa nailoni, akakitandaza juu ya mdomo wa tangi, akakaza mfuniko juu yake. Maji yakakoma kuingia. Lakini mfuniko ule una tundu dogo la kupitisha hewa, na nailoni ililiziba. Tangi lisilovuta hewa huyashikilia mafuta yake. Injini hunywa kile kilichokwisha kushuka, kisha hufa. Ukifungua mfuniko kuchungulia, hewa huingia, injini hukubali tena, nawe unadhani umeitibu. Hayo tumekuja kuyajua baadaye. Siku Keziya alipougua hakuna aliyejua.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nikipita na jembe begani nikasikia Erisa akipiga kiki uani kwake. Keziya alikuwa ameketi kizingitini, amejikunja, mikono yote miwili tumboni, uso wake umekuwa rangi ya jivu. Tumbo lilikuwa limemshika tangu jana yake, naye akaficha ili mumewe amalize kupanda maharage.

Injini ikawaka. Tukampakia, Erisa akamfunga kwenye kiuno chake kwa khanga, wakaondoka. Njia ya hospitali huanza kwa kupanda. Niliwaona wakifika kwenye mikaratusi, nikasikia kikohozi, kisha kimya. Nikakimbia. Tukairudisha pikipiki kwa kuiachia kinyumenyume, Keziya akiwa bado juu yake, amelaza kichwa mgongoni mwa mumewe.

Erisa akaifungua plagi. Akaikwangua kwa msasa, akaichoma kwenye makaa, akaiegemeza kwenye injini na kupiga kiki. Cheche ilikuwa ya bluu, nzuri. Akafungua mfuniko wa tangi, akafunua nailoni, akachungulia: petroli tele. Akairudisha nailoni, akafunga. Akapiga kiki, ikawaka kwa mkupuo mmoja. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyesamehewa. Tukampakia tena Keziya. Safari hii hawakufika hata kwenye mikaratusi.

"Baba Feresi," nikamwambia, "nikamwite Yowasi?"

"Usiende. Inataka kushika. Si umeisikia?"

Akaishusha kabureta. Akapuliza jeti, kile kitundu cha mafuta, mpaka mashavu yakamuuma, akamwaga uchafu wa bakuli lake, akasafisha platini, vile vidude vya kuwasha cheche, kwa kipande cha karatasi. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Keziya tulimlaza kwenye mkeka, kivulini mwa ukuta. Hakulia. Kila injini ilipowaka alifumbua macho, na kila ilipozimika aliyafumba.

"Ni kikohozi kikavu," alisema mara moja, bila kuinua kichwa. "Mafuta hayafiki."

"Tangi limejaa, mama Feresi. Nimetazama kwa macho yangu."

"Mimi nasikia kikavu."

"Pumzika. Niachie mimi."

Nikachuchumaa karibu na Erisa, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba muda unakwenda. Hakuniangalia. Skrubu ndogo ya kabureta ilimponyoka ikaingia majanini. Akawa anaitafuta kwa magoti.

"Nitasimamaje mbele ya Yowasi?" alisema akiwa ameinama. "Niambie wewe. Nimwambie nini?"

Keziya ndiye aliyeniita. Alinivuta mkono, na vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Mwanangu," alisema, "nenda kwa Yowasi. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Erisa alisikia. Aliendelea kupapasa majani.

Yowasi alikuwa akianika mtama. Nilimweleza, naye akaendelea kuupangusa mtama usio na vumbi.

"Yule alijitoa," alisema.

"Najua, mzee."

"Alisema tenga la viazi."

"Ni mkewe aliyenituma."

Akaitungua pembe ukutani. "Basi mke hakujitoa," alisema, akapuliza.

Walikuja wote, wengine wana udongo hadi magotini. Kijana mmoja alianza kusema, "Kumbe leo Bibi Kikohozi naye kalaz—" na Yowasi akamkata kwa jicho. Tulimweka Keziya katika machela, tukamfunika blanketi. Alikuwa mwepesi. Erisa alikuwa amesharudisha kabureta na anakaza boliti ya mwisho. Mikono yake ilikuwa nyeusi, na hakujua aiweke wapi.

"Njoo ushike mti, baba Feresi," Yowasi alimwambia, na kwa sauti yake nilijua ameyaacha yale mengine yote.

"Tangulieni. Nitawapita njiani, nimpokee nimkimbize. Imebaki kidogo sana."

"Iache hiyo."

"Nitawapita, Yowasi. Naijua. Nitawapita kabla ya mlima wa pili."

Keziya alitoa mkono chini ya blanketi. Erisa hakuushika, kwa ajili ya ile grisi. Akajifuta kwenye suruali, na alipomaliza kujifuta tulikuwa tumekwisha kuinua.

"Usichelewe," Keziya alimwambia.

Yaliyotokea uani alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na hakuyarudia tena. Pikipiki iliwaka, ikazimika. Alifungua mfuniko achungulie tena, na kwa kuwa sasa uani hapakuwa na mtu, wala mkutano, wala mgonjwa wa kumtazama, aliisikia hewa ikipenya pembeni mwa nailoni. Tangi lilivuta pumzi ndefu. Alisimama na mfuniko mkononi, ile nailoni imeng'ang'ania mdomo wa tangi, imebonyea ndani kama kitovu. Akaibandua. Akapiga kiki, injini ikawaka na haikuzimika. Aliiacha ingurume. Alisema alikaa chini kwenye gunia, hajui kwa muda gani, akisikiliza jinsi ilivyokuwa nzima. Halafu akaipanda, tangi wazi, petroli ikimwagikia miguuni.

Sisi tulikuwa tumeuvuka mlima wa kwanza. Wabeba machela hutembea kwa hatua za harakaharaka, na wanaongoja zamu hukimbia kando. Bondeni Keziya aliomba maji, akanywa kidogo. Tulipoanza kupanda wa pili aliuliza kama kuna mtu anayesikia pikipiki.

"Inakuja," Yowasi alimjibu.

Hakuna aliyekuwa ameisikia. Juu ya kilima, mahali ambapo paa la hospitali linaanza kuonekana, mbebaji wa nyuma alisema tusimame. Tukaishusha machela kwenye nyasi. Yowasi alipiga magoti, akaweka shavu lake karibu na mdomo wa Keziya, akakaa hivyo. Kisha akavuta blanketi juu.

Tuligeuka. Kurudi na maiti hatuendi haraka, na hakuna anayekimbia kando.

Tuliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ilikuwa inaunguruma vizuri, sauti moja, bila kikohozi hata kidogo, ikipanda kutoka bondeni. Erisa alitokea kwenye kona akiwa amesimama juu ya vikanyagio ili aone mbele. Alituona. Kwetu hakuna haja ya kumwambia mtu kitu akishaona machela inakuja upande wa nyumbani na watu wanatembea taratibu. Akazima. Akaiegemeza kwenye ukingo wa njia, lakini hakuiegemeza vizuri, ikaanguka, na petroli ikaanza kumwagika mchangani. Hakugeuka kuitazama.

Alikuja moja kwa moja mbele ya machela. Hakulifunua blanketi.

"Niwekeni hapa," alisema.

Yowasi alimtazama. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mbele kulia. "Mpishe."

Nikampisha. Erisa akaingiza bega chini ya mti. Nimesema alikuwa mfupi. Sisi huchagua wabebaji wa kimo kimoja ili mgonjwa asielemee upande, na alipoinua, machela ikainama pembe ile. Keziya akateleza kidogo kumwelekea. Yowasi, aliyekuwa mbele kushoto, na ni miongoni mwa watu warefu kijijini, alikunja magoti. Wa nyuma nao wakakunja. Wakaishusha machela mpaka ikawa sawa na bega la Erisa, wakaenda hivyo, wameinama, kuteremka mlima wa pili, kuvuka bonde, kuupanda wa kwanza na kuushuka. Zamu zilipofika wengine walipokezana, na kila aliyeingia alikunja magoti kabla ya kuinua. Erisa hakukubali kupokewa. Mara mbili nilimwendea, na mara zote mbili alitikisa kichwa.

Tulifika uani jua likiwa linaelemea magharibi. Lile gunia lilikuwa bado limetandikwa, spana zimetawanyika. Mtu mmoja aliliondoa kwa mguu ili tupate nafasi. Tukaishusha machela pale pale. Wote tulitoa mabega. Erisa alibaki amepiga magoti, mti umelala begani mwake ingawa haukuwa tena na uzito wowote.

"Baba Feresi," Yowasi alisema. "Tumefika. Toka sasa."

"Najua tumefika," alijibu, na hakutoka.