Herufi tatu za mwisho

Jamani, miaka minne dada yangu amebeba kosa langu. Nisemeni tu, nastahili.

Leo asubuhi nesi kaleta notisi zake hapa steshenari kwangu Same, nimtolee kopi.

Nikaona neno: hyaline.

Nalijua. Lilikuwa kwenye karatasi ya hospitali, mtoto wa kwanza wa dada alipofariki. Alikuwa njiti, wa siku mbili.

Mimi ndiye msomi wa familia, si mnajua? Nikagugo. Simu ikaniletea hyaloid, na mimi sikuangalia mara mbili. Nikamwambia dada, "Ni ugonjwa wa jicho."

Akauliza, "Jicho?"

Kisha akaniambia kumbe alikuwa amemdondoshea mtoto maziwa yake jichoni, lilipotoa tongotongo. Mama zetu wote walifanya hivyo.

Nilipomuuliza, nesi akanieleza taratibu. Maneno yote mawili yametoka kwa Wagiriki, yote ni habari ya kioo. Lakini hyaloid ni ya jicho. Hyaline ni utando kwenye mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Mapafu. Siyo jicho. Siyo maziwa.

Nikampigia dada huko Gonja, nalia.

"Dada, hayakuwa maziwa yako."

Nyuma yake namsikia mwanawe wa pili anacheka. Huyo alimlea kwa maziwa ya ng'ombe tangu siku ya kwanza, nasi tukamsema eti anaogopa matiti yatalala. Mimi nikiwa wa kwanza kumsema.

Kisha akasema, polepole:

"Mdogo wangu, kumbe huyu ningemnyonyesha."