Wazee Waliokataa Kupumzisha Miguu

Leo nimewatania wazee barabarani, halafu nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa kibandani kwangu, katikati ya mteremko wa Rugu.
Wakaja wazee wanne kwa baiskeli, wa tano kapakiwa kwenye keria.
Mteremko mkali, lakini wote wanakanyaga pedali kama wanapanda mlima.

Mdomo wangu nao.
"Shikamooni wazee. Si mpumzishe miguu, baiskeli zinashuka zenyewe?"

Wakasimama.

Mmoja akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamwonyesha yule wa kwenye keria.
"Huyu ni Deo. Tukiwa vijana, miaka ya themanini, frii ya baiskeli yake iliharibika, fundi akaichomelea. Pedali zikawa zinazunguka na gurudumu muda wote, hazitulii hata kwenye mteremko. Tukakubaliana, kama miguu ya Deo haipumziki, na yetu haipumziki."

Jamani. Wakaniambia baiskeli ile ilishakuwa chuma chakavu zamani. Deo mwenyewe siku hizi anatembelea magongo.

Niambieni kama nyie mna marafiki wa hivi.

Maana walipoondoka niliwasindikiza kwa macho.
Na kule nyuma, juu ya keria, Deo naye alikuwa anazungusha miguu hewani, taratibu.